Kompyuta zisizo na kioo wala kibodi zinataka maswali yake

Mhariri,

Gazeti lako linapochapa habari za kifaa kipya, vipimo huwa vilevile: kasi ya prosesa, ukubwa wa kumbukumbu, upana wa kioo. Kwa simu na kompyuta ya mezani vinatosha. Lakini kompyuta nyingi zaidi duniani hazina kioo wala kibodi. Zimepachikwa ndani ya mashine nyingine na mwenye mashine hata hajui kwamba zipo: katika mashine ya kufulia, mita ya umeme, lifti, printa, breki za gari, ruta ya intaneti, kifaa kinachosaidia moyo kupiga. Kadi ya benki yenye chipu na laini ya simu nazo zimo humo, kwani kila moja ina prosesa na kumbukumbu yake. Ukizipima kompyuta hizi kwa gigabaiti utakosea. Kipimo chake halisi ni namna zinavyofanya pale jambo linapokwenda kombo: waya ukikatika, umeme ukishuka, hesabu ikijaa. Tunaomba nafasi tueleze kwa nini.

Kwa kawaida kiini cha mfumo uliopachikwa ni mikrokontrola, yaani chipu moja iliyobeba prosesa, kumbukumbu ya programu, kumbukumbu ya kufanyia kazi, vipima muda, na miguu ya kupokea na kutoa umeme. ATmega328P, ambayo wanafunzi wengi wa elektroniki wameishika, ina kilobaiti 32 za programu, kilobaiti 2 za kufanyia kazi, na saa yake haizidi mapigo milioni 20 kwa sekunde. Mbele ya simu hiki ni kichekesho. Lakini kompyuta iliyowaongoza wanaanga wa Apollo kwenda mwezini mwaka 1969 ilikuwa na nafasi 2,048 tu za kumbukumbu inayofutika, kila nafasi ikiwa ya biti 16 (biti ni tarakimu moja, sifuri au moja), na programu yake ilifumwa kwa mkono kwa nyaya: waya ukipita ndani ya kipete cha sumaku ni moja, ukipita nje ni sifuri. Tena chipu ya Intel 4004 ya mwaka 1971, ambayo watu huitaja kama mwanzo wa kompyuta za leo, ilibuniwa kwa ajili ya kikokotoo cha kampuni ya Busicom ya Japani. Kwa hiyo kompyuta iliyopachikwa si mdogo wa kompyuta ya mezani. Kwa upande wa prosesa za chipu moja, ndiyo iliyotangulia.

Inavyofanya kazi ni rahisi kueleza: inasoma kihisi, inalinganisha na lengo, inatenda, inarudia. Chukua hita ya maji. Kihisi chake cha joto mara nyingi ni thamista, kipande kidogo ambacho ukinzani wake, yaani namna kinavyozuia umeme, hupungua joto linapopanda. Ile ya kawaida ina omu 10,000 kwa nyuzi 25 za Selsiasi na karibu omu 2,500 kwa nyuzi 60. Inaunganishwa mfululizo na rezista, kipande chenye ukinzani usiobadilika, ya omu 10,000, rezista ikiwa upande wa volti 5 na thamista upande wa sifuri, kisha mikrokontrola inapima volti za katikati. Kipimio cha ndani ya chipu, kinachogeuza volti kuwa namba ya biti 10, hugawa volti 5 katika hatua 1,024, kila hatua karibu milivolti 4.9. Maji yakiwa na nyuzi 25 utasoma 512, yakifika nyuzi 60 utasoma karibu 204. Programu inaangalia namba hiyo tu, halafu inawasha au kuzima relei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, ambayo ndiyo inayoipa hita umeme.

Mwanafunzi hukamilisha programu ya namna hiyo kwa mchana mmoja, na itafanya kazi. Sasa kata waya wa kihisi. Ukinzani unakuwa mkubwa kupindukia, volti ya katikati inapanda hadi 5, kipimio kinasoma 1,023, na programu inaamini maji yamekuwa barafu. Inawasha hita na haiizimi tena. Ukibadili nafasi ya thamista na rezista bado hujapona, kwa sababu thamista iliyokatika husomeka kama baridi kali popote ulipoiweka. Dawa ni mbili na zote zinahitajika. Kwanza, programu ikatae namba zisizowezekana: chini ya 20 waya umepiga shoti, juu ya 1,000 umekatika, na kwa vyovyote hita izimwe na taa ya hitilafu iwake. Pili, kuwe na kikata joto cha chuma, kisichojua lolote kuhusu programu, kilichofungwa mfululizo na hita yenyewe. Relei nayo huweza kugandamana ikiwa imefungwa, na hapo programu itapiga kelele ya kuzima bila kusikilizwa na yeyote.

Kuondoa ulinzi wa pili kwa imani kwamba programu inatosha kumekwisha kuua watu. Mashine ya tiba ya mionzi ya Therac-25 iliachana na vizuizi vya kimitambo vilivyokuwa katika mashine zilizoitangulia, ikategemea programu. Kati ya 1985 na 1987 iliwapa wagonjwa sita mionzi iliyozidi mno kipimo, na baadhi yao wakafa. Mojawapo ya makosa yaliyokutwa ni kwamba mtumishi mwepesi wa vidole akisahihisha maagizo haraka, sehemu moja ya programu ilipata maagizo mapya huku nyingine ikiendelea na ya zamani. Kosa la aina hii halionekani kwenye majaribio ya polepole.

Turudi kwenye relei. Ukiandika programu iwashe hita chini ya nyuzi 60 na kuizima juu ya 60, namba ya kihisi itachezacheza hapo mpakani na relei itagongagonga bila kupumzika. Relei nyingi za kawaida, zikibeba mzigo wake kamili, hudumu takriban mara 100,000 za kuwaka na kuzima, kwa hiyo mchezo huo unaimaliza mapema. Acha pengo: washa kwenye 58, zima kwenye 62. Vitufe navyo vina ugonjwa wa jamaa yake. Kitufe kikibonyezwa, vyuma vyake hurukaruka kwa milisekunde kadhaa kabla ya kutulia, na chipu inayosoma mara maelfu kwa sekunde huona mibonyezo mingi pale ambapo mtu amebonyeza mara moja. Subiri milisekunde 20, soma tena, ndipo uamini.

Muda ndio unaotofautisha sana kompyuta hizi na zile tulizozizoea. Simu ikichelewa sekunde moja unakasirika kidogo. Mfuko wa hewa wa gari una milisekunde 15 hadi 30 hivi za kuamua kama ni ajali au ni shimo barabarani, na jibu sahihi likija limechelewa ni sawa na jibu baya. Ndiyo maana mhandisi hauulizi mfumo wa namna hii una kasi gani kwa wastani. Anauliza hali mbaya kuliko zote itachukua muda gani, na prosesa ndogo ambayo muda wake unatabirika huishinda prosesa kubwa isiyotabirika.

Hesabu ya muda ina mtego wake, na mtego huu umenasa hata wakubwa. Kihesabio cha biti 8 kinajaa kwenye 255 na kurudi sifuri, cha biti 16 kwenye 65,535. Cha biti 32 kinachohesabu milisekunde kinajaa baada ya siku 49.7, muda ambao hakuna anayeukaa mezani akijaribu kifaa. Mwaka 2015 mamlaka ya anga ya Marekani iliagiza ndege za Boeing 787 zizimwe umeme na kuwashwa upya mara kwa mara, kwa kuwa vidhibiti vya jenereta zake vikikaa vimewashwa siku 248 mfululizo vingeweza kujizima vyote kwa pamoja. Anayetaka kujua 248 imetoka wapi ahesabu sehemu za mia za sekunde hadi zijaze namba ya biti 31. Kinga yake ni mstari mmoja wa programu. Usiulize kama saa ya sasa imepita saa ya mwanzo ukijumlisha muda wa kusubiri. Toa mwanzo kutoka sasa, kwa namba zisizo na alama ya hasi, kisha linganisha tofauti hiyo na muda wa kusubiri. Ukitoa namna hiyo, jibu hubaki sahihi hata kihesabio kikiwa kimezunguka katikati.

Jamaa ya mtego huo iliiangusha roketi ya Ariane 5 katika safari yake ya kwanza, tarehe 4 Juni 1996. Namba kubwa ya biti 64 ililazimishwa kuingia katika nafasi ya biti 16, haikuenea, na kompyuta za kuongoza mwelekeo zikazima, ile kuu na ile ya akiba, kwa sababu zote mbili ziliendesha programu ileile. Programu hiyo ilirithiwa kutoka Ariane 4, ambayo mwendo wake haukuwahi kuifikisha namba hiyo hapo. Bado kuna tarehe 19 Januari 2038, siku ambayo vifaa vinavyohesabu sekunde tangu 1970 kwa namba ya biti 32 yenye alama vitajikuta vimerudi mwaka 1901. Simu zitakuwa zimebadilishwa mara nyingi kabla ya hapo. Vidhibiti vilivyofungwa leo ukutani au chini ya ardhi ili vidumu miaka 20, si vyote vitakavyokuwa vimebadilishwa.

Programu ikikwama hakuna mtu wa kubonyeza kitufe cha kuzima na kuwasha, na ndiyo maana mikrokontrola nyingi zina saa mlinzi. Ni kama mlinzi wa usiku anayetakiwa kugonga kengele kila baada ya muda fulani: akinyamaza, msimamizi hamwulizi kitu, anakuja. Programu inapaswa kuigusa saa hiyo kila baada ya, tuseme, nusu sekunde, la sivyo chipu inajiwasha upya. Kosa tunalolikuta mara nyingi katika kazi za wengine ni kuigusa saa hiyo ndani ya ukatizaji wa kipima muda, yaani kipande cha programu ambacho kipima muda hukiita chenyewe kwa kuikatiza programu kuu. Programu kuu inaweza kufa kabisa huku ukatizaji ukiendelea kugusa, na mlinzi akaripoti kila kitu ni salama. Iguse sehemu moja tu, mwisho wa mzunguko mkuu, baada ya kuthibitisha kwamba kila kazi imefanyika.

Ulinzi wa aina hiyo ndio uliookoa chombo cha Mars Pathfinder kilichotua Mirihi tarehe 4 Julai 1997. Baada ya siku chache kompyuta yake ilianza kujiwasha upya yenyewe. Kazi ya kipaumbele cha juu ilikuwa inasubiri kitu kilichoshikiliwa na kazi ya chini, nayo ile ya chini haikupata zamu kwa sababu kazi za kati zilikuwa zinaipita. Wahandisi waliizalisha hali ileile kwenye mfano uliobaki Duniani, wakatuma marekebisho madogo: aliyeshika arithi kipaumbele cha anayemsubiri hadi aachie.

Sasa umeme, ambao kwa mafundi ndio chanzo cha kwanza cha kushuku. Kila mguu wa umeme wa chipu unahitaji kapasita, kipande kinachohifadhi umeme kidogo, ya nanofaradi 100 iliyobanana nao. Ikiwekwa mbali, au ikiachwa ili kupunguza gharama, chipu inapata mtikisiko kila mota inapowaka na programu inaruka mahali isipotakiwa. Hatari zaidi ni umeme unaoshuka bila kukatika. Chipu ya volti 5 ikipewa volti 2 na ushee haifi palepale, inaanza kukosea, na ikikosea wakati inaandika mipangilio inaacha takataka kwenye kumbukumbu. Ndiyo sababu ya mashine kuamka baada ya umeme kuyumba ikiwa imesahau hata aina yake. Mikrokontrola nyingi zina kinga ya ndani inayoishikilia chipu isifanye kazi hadi volti itosheke. Katika chipu kadhaa kinga hiyo haiwaki hadi mbunifu aiwashe, na wapo wasioiwasha.

Kumbukumbu yenyewe inachakaa. Katika ATmega328P, ile ya mipangilio imehakikishiwa kuandikwa mara 100,000 na ile ya programu mara 10,000. Zinaonekana nyingi mpaka upige hesabu: kifaa kinachohifadhi hesabu yake kila dakika mahali palepale kinamaliza mara 100,000 kwa siku 69 tu. Ukizungusha uandishi katika nafasi 64 unapata miaka 12. Haya si ya chipu ndogo peke yake. Mwaka 2021 Tesla iliita magari takriban 135,000 nchini Marekani kwa sababu kumbukumbu ya gigabaiti 8 ya kioo cha kati ilikuwa inachakaa kwa kuandikwa mno.

Kwa fundi aliyeletewa kifaa kisichowaka, tunasihi asianze na kubadilisha bodi nzima. Achomoe umeme, asubiri, kisha apime kapasita kubwa ya upande wa umeme wa ukutani, kwani umeme wa volti 230 ukishageuzwa kuwa wa moja kwa moja hufika karibu volti 325 na unaweza kubaki humo baada ya plagi kutolewa. Aangalie kapasita zilizovimba kichwa au kutoa majimaji. Kapasita iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105 huongeza maisha maradufu kwa kila nyuzi 10 zinazopungua, hivyo kwa nyuzi 65 inafika saa 32,000. Mtengenezaji akiibana pembeni ya kipoza joto ndipo anapoila miaka hiyo. Halafu apime volti 5 au 3.3 penye miguu ya chipu yenyewe, si kwenye adapta. Aondoe na kurudisha viunganishi, maana kutu kwenye pini moja inaiga karibu kila ugonjwa. Chipu kuungua kabisa ni tukio la nadra kuliko inavyosemwa dukani.

Onyo moja kwa wanaopenda kuflashi, yaani kuandika programu upya kwenye chipu. Bodi nyingi za mashine za nyumbani zina usambazaji wa umeme usiotenganishwa na ukuta, na sifuri ya chipu inaweza kuwa imeungana moja kwa moja na waya wa moto. Ukiunganisha kompyuta yako kwenye bodi hiyo huku mashine imechomekwa, utaunguza kompyuta, na huenda mkono wako ndio utakuwa njia. Chomoa kwanza, kisha iwashe bodi kwa adapta iliyotenganishwa.

Vifaa vya betri vina hesabu yake, nayo ni ya usingizi zaidi kuliko ya kazi. Betri ya kitufe ya CR2032 ina takriban miliampea-saa 220. Kifaa kinacholala kikivuta mikroampea 5 kingeishi nayo saa 44,000, yaani miaka mitano. Kikiamka sekunde moja kila dakika na kuvuta miliampea 10, kinakufa kabla ya miezi miwili. Kikiamka sekunde moja kila saa, kinapita miaka mitatu. Tangazo linalosema betri hudumu miaka mitano bila kutaja kifaa kinaamka mara ngapi halijasema kitu. Na taa ndogo ya kijani ya miliampea 2, iliyowekwa kwa urembo, inaimaliza betri hiyo kwa siku tano bila msaada wa mtu.

Vifaa vilivyounganishwa na intaneti vinaleta hatari ambayo mwenye kifaa haioni kabisa. Programu hasidi ya Mirai mwaka 2016 haikuhitaji ujuzi wa ajabu: ilijaribu majina na manenosiri ya kiwandani yapatayo 60 kwenye kamera na ruta, ikakuta milango wazi. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilielekezwa kuishambulia kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikigeuza majina ya tovuti kuwa anwani za kompyuta, na watu wengi wakashindwa kufikia tovuti kubwa kwa saa kadhaa. Wenye kamera hawakugundua lolote, kwa kuwa picha ziliendelea kuonekana. Masasisho ndiyo dawa, ila nayo yana namna. Kifaa kinachoandika programu mpya juu ya ile ya zamani kitakufa umeme ukikatika katikati. Kilichobuniwa vizuri kina nafasi mbili: kinaandika kwenye ile tupu, kinahakiki saini ya mtengenezaji, ndipo kinahamia, na kikishindwa kuwaka kinarudi kwenye ya zamani. Hilo linadai kumbukumbu maradufu, na ndiyo sababu vifaa vya bei ya chini havina.

Tuseme pia, kwa kuwa matangazo yamezidi, kwamba mashine ya kufulia inayopima uzito wa nguo na kuchagua muda mara nyingi haina akili bandia yoyote. Inapima mota inavyolemewa, inatafuta namba kwenye jedwali, basi. Jedwali zuri ni jambo la kusifiwa.

Ombi letu ni kwa waandishi wako wa teknolojia. Mtengenezaji akileta kifaa, wamwulize kihisi kikikatika kifaa kinafanya nini, na kama kuna kikatio kisichotegemea programu. Wamwombe akate umeme katikati ya sasisho, mbele yao. Wamwulize mipangilio huandikwa mara ngapi kwa siku, na bodi inauzwa peke yake au lazima mtu anunue mashine nzima. Mwisho wamwulize atatoa masasisho ya usalama hadi mwaka gani. Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, sheria inamlazimu mtengenezaji wa vifaa vya watumiaji vinavyounganishwa na intaneti kuutaja muda huo, na inapiga marufuku nenosiri moja la kiwandani kwa vifaa vyote. Anayeuza kifaa kilekile kwingineko jibu analo tayari. Akilikwepa, chapeni kwamba amelikwepa.

Wasomaji wenu,
Wahandisi na mafundi wa mifumo ya kompyuta iliyopachikwa